Maswali na Majibu: Tendi za kale, vibonzo, na upinde wa Liyongo

Barua za safari hii karibu zote zimegusa jambo moja: tendi za kale za mataifa mbalimbali, na namna ya kuziweka pamoja na kuzilinganisha kwa njia ya vibonzo. Nimefurahi sana, kwa sababu ni jambo ninalolipenda na ninaloamini linastahili kuingia madarasani kwetu. Nimezifupisha barua bila kubadili maana, na nimeanza na ile iliyonidai kazi kubwa zaidi.

Nafundisha Kiswahili kidato cha tatu, Morogoro. Nataka wanafunzi wamlinganishe Fumo Liyongo na mashujaa wa nchi nyingine kwa kuchora. Lakini kila nikianza, darasa linageuka ubishi wa nani angempiga nani. Nianzie wapi?

Mwalimu, ubishi huo huja ukiwapa mashujaa wazima wazima. Wape kitu kimoja kinachoonekana katika tendi zote, kisha waambie wachore kitu hicho tu. Mimi ningechagua upinde.

Anza na Odysseus wa Wagiriki. Ametoweka kwao Ithaca miaka 20. Ukumbi wake umejaa wanaume wanaotaka kumwoa mkewe Penelope, na wanamalizia mifugo yake. Penelope anautoa upinde wa mumewe na kutangaza: atakayeutia ugwe, akapitisha mshale kwenye mashoka 12 yaliyopangwa mstari mmoja, ndiye atakayemfuata. Wanaupasha moto, wanaupaka mafuta, wapi. Ombaomba mmoja mzee aliyekaa kando anaomba naye ajaribu. Kabla ya kufanya lolote anaugeuza huku na huku, akiutazama kama wadudu hawajautoboa kwa miaka yote hiyo. Hapo, Mwalimu, pana fremu nzuri kuliko zote: mikono ya mwenye mali akikagua mali yake, na hakuna aliyegundua bado. Halafu anautia ugwe kwa wepesi, anaugusa kwa kidole, nao unalia kama mbayuwayu. Mshale anaufyatua akiwa amekaa palepale kitini.

Sasa Rama. Katika Ramayana, utendi wa Kihindi wa Valmiki, mfalme Janaka wa Mithila ana upinde wa mungu Shiva, umelazwa ndani ya kasha la chuma juu ya gari la magurudumu manane, na watu 5,000 ndio wanaolikokota. Kijana Rama anauinua, anaupinda, unakatika katikati kwa kishindo kinachowabwaga watu chini. Kwa hilo anampata Sita, binti wa Janaka, awe mkewe.

Nenda Mali, karne ya 13. Sundiata amekuwa mkubwa na bado hajasimama, anatambaa. Siku mama yake Sogolon anapotukanwa na mke mwenzake kwa sababu ya majani ya mbuyu ya kitoweo, mtoto anaagiza chuma kwa mhunzi. Anakishika, anajiinua, magoti yanatetemeka, na kile chuma kinapinda mpaka kinakuwa na umbo la upinde. Anakwenda kung'oa mbuyu mzima na kuusimika mbele ya nyumba ya mama yake. Ndivyo alivyosimulia Mamadou Kouyaté, griot, yaani msimulizi wa jadi, na Djibril Tamsir Niane akaiandika na kuichapisha mwaka 1960.

Halafu rudi kwetu. Liyongo amechomwa sindano ya shaba kitovuni akiwa usingizini. Anaamka, anachukua upinde na mshale, anatoka mpaka kisimani, anapiga goti, anauvuta, na anakufa akiwa hivyo. Watu wa mji wanamwona kwa mbali na hakuna anayethubutu kusogea. Siku zinapita bila maji. Mwishowe wanamwendea mama yake wamwombe ambembeleze mwanawe, naye anamlilia asijue kama anamlilia aliye hai au maiti, mpaka mwili unaanguka wenyewe.

Bandika michoro minne kwenye manila moja ukutani, kisha usiulize nani ana nguvu. Uliza: kwenye kila fremu, nani anatazama? Ithaca wanatazama maadui wasiojua kuwa wamekwisha. Mithila anatazama baba mkwe na raia wake. Mali anatazama mama. Kisimani unatazama mji mzima wenye kiu, na mama. Wanafunzi watagundua wenyewe kwamba Sundiata na Liyongo, waliotenganishwa na bara zima, wote wawili upinde wao unamhusu mama: mmoja anasimama kwa ajili yake, mwingine hawezi kuangushwa ila yeye aitwe. Jambo hilo kwenye beti linaweza kukupita. Kwenye mchoro halikupiti, kwa kuwa mwanafunzi lazima aamue mama amwekee wapi kwenye karatasi.

Niko chuo, Bukavu. Vitabu vinaanza kila mara na Gilgamesh. Sisi Kivu tuna Mwindo wa Wanyanga. Je, anaweza kukaa naye ukurasa mmoja, au ni mapenzi yetu ya nyumbani tu?

Anaweza, tena bila kupendelewa.

Gilgamesh, mfalme wa Uruk katika Mesopotamia ya kale, ana umri mkubwa wa maandishi, hilo halina ubishi. Nakala yake iliyokamilika zaidi iko kwenye vibao 12 vya udongo, na vipande vingi vilitoka kwenye maktaba ya mfalme Ashurbanipal huko Ninawi, karibu na Mosul ya leo. Mwaka 1872 George Smith alisoma mbele ya watu London habari za gharika zilizomo humo, na dunia ikashtuka. Mwindo aliandikwa mwaka 1956, pale Candi Rureke alipomsimulia kwa siku 12, akiimba na kucheza, Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene wakinakili. Kitabu kilitoka 1969. Lakini tarehe ya kuandikwa haituambii simulizi limezunguka vinywani kwa muda gani, na wala haitusaidii kuchora.

Kinachosaidia ni hiki. Wote wawili wanaua mnyama wa msituni, na wote wawili wanaitwa kujibu.

Gilgamesh na rafiki yake Enkidu wanakwenda kwenye msitu wa mierezi kumuua mlinzi wake Humbaba. Humbaba ameshashindwa, anaomba aachwe hai. Enkidu anamhimiza mwenzake amalize. Wanamuua. Baadaye wanamuua na fahali wa mbinguni, na miungu inaamua mmoja wao afe. Enkidu anaugua kitandani, anakufa, na Gilgamesh anakataa kumzika mpaka funza anapodondoka kutoka puani mwa maiti.

Mwindo naye, akiwa tayari ni chifu, anatamani nyama ya nguruwe mwitu. Anawatuma Wambilikimo kuwinda, nao wanamezwa na Kirimu, dubwana la vichwa saba. Anakwenda kumuua. Kumbe Kirimu alikuwa amechanjiana damu na Nkuba, bwana wa Radi. Nkuba anashuka, anamchukua Mwindo mpaka juu, na huko anakaa mwaka mzima akipigwa na mvua, na baridi, na jua. Anarudishwa kwao akiwa na katazo: asiue tena mnyama yeyote.

Weka kurasa mbili zikitazamana. Kushoto Humbaba anaomba, kulia Kirimu ameanguka. Chini yake, kushoto kitanda cha Enkidu, kulia Mwindo peke yake angani akitetemeka. Utaona jambo ambalo, kwa maoni yangu, linampa Mwindo heshima yake kamili: adhabu ya Gilgamesh inamwangukia rafiki, ilhali ya Mwindo inamwangukia mwenyewe, na inamfunza kutawala. Gilgamesh anahangaika mpaka mwisho wa dunia kutafuta kutokufa, nyoka anamwibia mmea wa ujana, na anarudi kuonyesha kuta za mji wake Uruk. Mwindo anarudi na sheria.

Mambo mawili ya kiufundi kwa ajili yako, kwa kuwa umesema unachora. Vibao vya Gilgamesh vimevunjika mahali pengi, kwa hiyo acha fremu tupu pale panapokosekana; usijaze kwa kubuni. Mjerumani Jens Harder alimchora Gilgamesh kwa mtindo wa michongo ya ukutani ya Mesopotamia, watu wakitazama upande, na uzito wa jiwe unausikia kabisa. Kwa Mwindo usiige hilo. Yeye ni wa sauti na mwendo. Mchore msimulizi ndani ya ukurasa, na conga mkononi, ule usinga ambao Mwindo mwenyewe anautumia kwa miujiza yake. Msimulizi na shujaa wanashika kitu kilekile, na hiyo ni zawadi kwa mchoraji.

Nina watoto wawili, Nairobi. Wamekolea vibonzo. Nahofia picha zitawalemaza akili na hawatazisoma tendi zenyewe kamwe.

Mama, hofu yako naielewa, ila historia iko upande wa watoto wako. Tendi na picha zimeishi pamoja tangu zamani.

Kuna chungu cha Kigiriki kilichochorwa na Exekias yapata mwaka 540 hadi 530 kabla ya Kristo, na sasa kiko kwenye makumbusho ya Vatican. Achilles na Ajax, mashujaa wa vita vya Troy, wamekaa wakicheza mchezo wa ubao. Bado wamevaa deraya, mikuki iko mkononi, migongo imeinama, macho yamezama mchezoni. Kando ya mdomo wa Achilles limeandikwa neno "nne", na kando ya mdomo wa Ajax "tatu". Wanataja walichopata. Maneno yametoka mdomoni mwa mtu aliyechorwa, zaidi ya miaka 2,400 kabla ya vibonzo vya magazetini. Na tukio lenyewe halimo katika Iliad, utendi wa Kigiriki wa vita hivyo! Mchoraji aliwapa watazamaji saa moja ya mapumziko ya watu ambao kila Mgiriki alijua hawatarudi nyumbani. Ajax aliyetaja tatu ndiye atakayembeba Achilles akiwa maiti. Picha ya namna hiyo haimlemazi mtu.

Huko Java, kwenye mahekalu ya Prambanan ya karne ya 9, Ramayana imechongwa kwenye ukuta wa ndani wa baraza linalozunguka hekalu la Shiva, kisha inaendelea kwenye hekalu la Brahma. Unaisoma kwa miguu yako, ukitembea. Na Shahnameh, utendi wa Uajemi wa Ferdowsi, iliyokamilika yapata mwaka 1010, ilipata nakala moja ya kifalme ya Shah Tahmasp katika karne ya 16 yenye picha 258. Wafalme wangeona picha zinaharibu ushairi wasingezigharamia hivyo.

Kwenye hiyo Shahnameh kuna kisa cha Rostam anayepigana na kijana Sohrab bila kujua ni mwanawe. Fremu moja inaonyesha kisu kimeinuliwa. Ya pili inaonyesha kikuku kwenye mkono wa kijana, kile Rostam alichomwachia mama yake. Kati ya fremu hizo mbili pana uwazi mweupe, hauna kitu. Waulize wanao: hapo katikati kimetokea nini? Kila atakachosema amekitoa kichwani mwake, hakuna aliyemchorea. Fanya hivyo mara mbili tatu, kisha uwasomee kifungu chenyewe kwa sauti. Hutalazimika kuwasukuma.

Utendi wenye beti 100,000 kama Mahabharata unaingiaje kwenye vibonzo? (Msomaji, Arusha)

Kwa kugawanywa. Nchini India, wachapishaji wa vibonzo Amar Chitra Katha waliutoa kwa matoleo 42. Mmarekani Eric Shanower alianza kuchora vita vya Troy mwaka 1998, na baada ya miaka 20 bado alikuwa hajaumaliza. Kwa hiyo usijione mvivu ukichukua usiku mmoja tu wa hadithi.

Tendi zetu nyingi zimebeba dini. Utendi wa Tambuka ni habari za vita vya Mtume. Mtu atachoraje bila kuvuka mipaka? Na zile zenye miungu mingi tuzichukulieje? (Msomaji, Zanzibar)

Ndugu yangu, la kwanza sitalizungusha. Mtume (s.a.w.) na masahaba zake usiwachore. Hata huko Uajemi na Uturuki ambako picha za vitabuni zilishamiri, wachoraji wengi walimfunika uso kwa utaji na nuru. Sisi huku pwani hatukuwa na desturi hiyo kabisa, na hakuna sababu ya kuianzisha.

Lakini Tambuka ina mengi ya kuchorwa. Mwengo wa Athumani aliuandika Pate mwaka 1728, kwa kutakiwa na sultani, na ndani yake kuna Herekali mfalme wa Rumi, kuna majeshi, farasi, ngamia, vumbi, bendera. Chora upande wa Herekali: kikao chake, wajumbe wake, wasiwasi wake. Upande wa pili uache maandishi yafanye kazi. Utendi huo uliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Andika ubeti mzima kwa hati nzuri, uuweke ndani ya fremu peke yake, na hati iwe ndiyo picha. Mabwana wa nakshi za milango ya Lamu na Zanzibar walilijua hilo muda mrefu.

Kuhusu miungu ya wengine, tofautisha. Rama ni wa kuabudiwa leo hii. Majirani zetu Wahindu wa Mombasa, Dar es Salaam na Kampala wanapowasha taa za Diwali, wengi wao wanakumbuka kurudi kwake Ayodhya. Mchoraji anayemgusa Rama anagusa imani ya mtu wa mtaa wa pili, na amwendee kwa adabu ileile anayoitaka kwa dini yake.

Miungu ya Wagiriki ni habari nyingine, na hapo wachoraji wamefanya maamuzi yaliyo tofauti kabisa. Shanower, niliyemtaja, aliwaondoa wote. Akavaa macho ya mchimbaji wa mambo ya kale, akachora majumba na mavazi ya enzi ya shaba, na ugomvi ukabaki wa binadamu kwa binadamu. Gareth Hinds, katika Iliad yake ya mwaka 2019, aliwabakiza. Tofauti hiyo inaonekana wazi mwanzoni kabisa mwa utendi: Achilles amekasirishwa na Agamemnon, mkono uko kwenye upanga, ndipo Athena anamshika nywele kwa nyuma, na hakuna anayemwona isipokuwa yeye. Ukimchora Athena, Achilles amezuiwa. Usipomchora, amejizuia. Chaguo moja la mchoraji limegeuza swali zima la hasira ya mtu ni ya nani. Kwa mtu anayelinganisha tendi, sijui mfano bora kuliko huo, na ningependa kila mwalimu wa fasihi autumie.

Mimi ni kijana, nachora, niko Dar. Vibonzo vingi vya tendi nilivyosoma, majitu mabaya ni meusi na mashujaa ni weupe. Nami nikichora mkono unakwenda hukohuko. Natokaje?

Kijana wangu, umeona kitu cha kweli na hujakionea. Amar Chitra Katha, iliyoanzishwa na Anant Pai mwaka 1967 na kuwalea mamilioni ya watoto wa Kihindi, imekosolewa kwa jambo hilohilo: marakshasa, majitu maadui wa Rama, wamepakwa weusi, wamekaa kinyama, wakati mashujaa wanang'aa. Inauma zaidi kwa sababu utendi wenyewe haugawi rangi hivyo. Valmiki anamweleza Rama kuwa mwenye rangi ya giza. Na Ravana, adui yake wa vichwa kumi, ni msomi, mpiga ala na mcha Shiva. Rangi ya ubaya ilitoka kwa wachoraji.

Dawa ya kwanza ni kurudi kwenye maneno. Kabla ya kuchora mtu, andika kwenye karatasi kila sifa ya umbo ambayo utendi umemtaja nayo, na isiyotajwa usiidhanie. Utendi wa Liyongo unamtaja kuwa mrefu, mpana, mwenye haiba, watu wakija kumwangalia. Unamtaja na mkoba anaotoa ndani yake kinu na mchi, mawe ya kusagia na vyombo vya kupikia. Hizo ni picha za kutosha miezi mitatu. Ubaya uonyeshe kwa kitendo: namna mtu anavyosimama, anavyomkwepa mwenzake macho, anavyoishika ile sindano.

Dawa ya pili ni kubadili anayesimulia. Mwaka 2011 huko India kilitoka kitabu cha vibonzo cha Ramayana upande wa Sita. Michoro ni ya Moyna Chitrakar, kutoka kwa wachoraji wa Bengal Magharibi wanaochora hadithi kwenye karatasi ndefu, wakaikunjua mbele ya watu huku wakiimba na kuonyesha kwa kidole. Maneno ni ya Samhita Arni. Vita ni vilevile, ila unavitazama ukiwa ndani ya bustani ambamo Sita ameshikwa mateka na Ravana, pamoja na wanawake wa upande ulioshindwa. Ghafla hujui umweke wapi mtu mbaya.

Na ukitaka Mwafrika katika vita vya Troy, yumo, haombwi kwa hisani. Memnon, mfalme wa Waethiopia, alikwenda kuwasaidia watu wa Troy na akauawa na Achilles baada ya pambano kubwa. Utendi uliomsimulia umepotea, lakini Wagiriki walimchora mara nyingi kwenye vyungu vyao. Hata ndani ya Iliad miungu inaondoka kwenda karamuni kwa Waethiopia, watu walioitwa wasio na lawama. Mchore Memnon. Hakuna anayekuzuia, na wengi hawajawahi kumsikia.

Niko Muscat. Nyanya yangu, mtu wa Lamu, alikuwa akitusimulia Liyongo. Wanangu wamezaliwa huku na Kiswahili chao ni cha nyumbani tu. Nataka tuchore kipande kimoja pamoja wakati wa likizo. Kipi?

Dada yangu, chukueni usiku wa gungu. Kina kila kitu mtoto anachokitaka: kifungo, siri, chakula, kelele na kutoroka.

Liyongo amefungwa na mfalme wa Pate. Kila siku mama yake anamletea chakula kwa mkono wa kijakazi Saada, na walinzi wanakula kilicho kizuri na kumwachia wishwa. Liyongo anamtuma Saada kwa maneno ya wimbo: mama aoke mkate wa wishwa, na katikati yake atie tupa. Walinzi wanauona mkate mbaya, wanaudharau, wanampa. Akiulizwa anatamani nini kabla ya kufa, anaomba gungu, ngoma kubwa, matoazi na mapembe vilie. Vinalia, watu wanacheza, yeye anakata pingu.

Wape watoto kazi hii: mkate mmoja katika fremu nne. Fremu ya kwanza mikono ya mama inakanda, na tupa iko mezani. Ya pili Saada amebeba kikapu, mlinzi anafunua nguo. Ya tatu mlinzi amekunja uso. Ya nne mkate umevunjwa, chuma kinaonekana. Chora mkate kwa ukubwa uleule katika fremu zote nne, jicho lisipotee. Ni kazi ya saa moja na mtoto wa miaka saba anaiweza.

Kisha ukurasa wa gungu. Hapa tatizo ni sauti, maana karatasi haina sauti. Andikeni maneno ya ngoma kwa herufi kubwa nene, yazunguke ukurasa wote, yagonge kingo, yafunike hata miguu ya wachezaji. Sauti ya tupa iandikwe kwa herufi ndogo, nyembamba, chini kabisa kwenye kona. Mtoto ataitafuta, na akiipata amefahamu ujanja mzima bila wewe kuueleza.

Kama wanasoma shule za huko na wamesikia habari za Wagiriki, waongezeeni Penelope. Mchana anafuma nguo ya maziko ya baba mkwe wake, usiku anaifumua, na kwa hila hiyo anawazuia wale wachumba miaka mitatu. Mkate na nguo, kazi mbili za nyumbani ambazo walinzi na wachumba wameona hazistahili kuangaliwa. Mchoreni Penelope upande wa kushoto na mama yake Liyongo upande wa kulia, wote mikono tu, bila nyuso. Nimeona watu wazima wenye shahada wakisoma tendi zote mbili na kuwapita wanawake hao bila kuwasemesha. Wanao wataanza nao.

Jambo la mwisho ni la kufanya kabla ya penseli. Utendi ulioandikwa Lamu na Muhammad Kijumwa mwaka 1913 unasema aliyemchoma Liyongo ni mwanawe wa kumzaa, lakini wako wanaosimulia kuwa ni mpwawe. Wapigie simu ndugu wa Lamu waliomsikia nyanya, uwaulize yeye alisemaje, na uwaombe kila wimbo wanaoukumbuka, hata kama ni kipande. Rekodi kwa simu. Mkija kuendelea na michoro mpaka kisimani, mtahitaji kujua huyo kijana mwenye sindano afanane na Liyongo kiasi gani.